Koti la Otieno

Mjukuu wangu Wambui,

Hapa mtaani Baba Dogo tu wazima, ila nyanya yako ananicheka kwamba tangu barua yako ifike nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Unauliza kama ukariri majibu aliyokutumia rafiki yako aliyekwisha kuhojiwa na kampuni itakayokuhoji Alhamisi.

Miaka ya sabini, mimi na Otieno, niliyekaa naye chumba kimoja, tuliitwa siku moja kuhojiwa kazi ya kuchambua hesabu za kiwanda cha nguo. Koti lilikuwa moja tu, lake. Aliingia asubuhi, nikamngoja langoni. Alipotoka alinivisha koti, akanipa na jibu: "Watakuuliza kwa nini faida imeshuka. Sema ni bei ya pamba."

Meneja alinisukumia karatasi za hesabu. Hata sijazifunua, nikasema, "Ni bei ya pamba."

Akanitazama. "Koti hili nimeshalihoji asubuhi. Na wewe je?"

Nikalivua, nikabaki na shati langu la kiraka, nikaomba dakika kumi nisome. Kisha nikamweleza nilichokiona mwenyewe kwenye hesabu zile, akaniajiri. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yako.

Alhamisi ukitoka tu, nipigie simu. Usianze na walichokuuliza. Anza na ulichosema wewe.

Guka wako