Mumeo Ameridhia?

Mwenzangu, uko wapi? Shika simu! Hapa nyumbani kumewaka 😭

Wifi si alikuwa na mahojiano ya mtandaoni leo, yale ya kusomea uzamivu wa afya ya jamii? Mimi nimejikunja chini ya meza, nimeshikilia waya wa intaneti usichomoke. Anaeleza utafiti wake, kwa nini kina mama hawarudishi watoto kwa chanjo ya pili. Anaeleza, yaani maneno yanateleza kama mafuta.

Mara profesa mmoja akakohoa. "Una watoto wawili. Mumeo ameridhia?"

MUMEO AMERIDHIA. Kwenye mahojiano ya uzamivu!

Nikajua wifi atajibu kiupole, unamjua alivyo. Wapi! Akamkazia macho: "Wanaume walionitangulia leo, mmewauliza kama wake zao wameridhia?"

 Nikachomoza kichwa nichungulie skrini.

Basi mama mkwe wake, yaani mama yangu mimi, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mjibu, Profesa! Huyo mume nimemzaa mimi, na kupika anajua!"

Wamesikia wote! Nilitamani ardhi inimeze. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, akacheka mpaka akavua miwani. "Swali hilo limefutwa. Turudi kwenye chanjo."

Wamemaliza sasa hivi. Majibu mwezi ujao. Mama kaja kanywea: "Mwanangu, nimekuharibia?"

Wifi akamvutia kiti. "Hujaharibu, mama. Wakininyima, naomba kwingine. Na huko wakiniuliza hivyo, nitawajibu vilevile."

"Basi siku hiyo usinifungie mlango wa jikoni," mama akasema.