Dakika Nne za Mzee Rajab

Alhamisi, Koboko. Mvua imekamata tangu saa sita, na juu ya bati la dada yangu inapiga kelele mpaka redio haisikiki. Afadhali. Leo sina hamu ya kusikia kitu.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu ni kupiga video za harusi na sherehe, kutoka Arua mpaka huku. Msichojua ni kwamba kwa siku nane hizi nimekuwa mwongo.

Mambo yalianza Jumatatu ya wiki iliyopita, chumbani kwangu Awindiri, mtaa wa Arua. Niliinuka haraka kufuata simu, mguu ukanasa kwenye waya, na diski ya nje ninayohifadhia video ikaburutwa kutoka mezani huku ikiwa kazini. Ikaanguka kwenye saruji. Wala haikulia sana. Nilipoichomeka tena, kompyuta ikaniuliza kama nataka kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sijui hata nini kilinizuia.

Ndani yake mlikuwa na kazi za familia sita. Mojawapo ni harusi ya Zamzam, wa hapa Koboko. Siku ile baba yake, Mzee Rajab, alisimama akaongea na bintiye mbele ya watu kwa dakika kumi na moja. Wiki mbili baadaye mzee akafariki.

Hakukuwa na nakala nyingine.

Kadi za kamera nilizifuta mwenyewe, kwa sababu nilihitaji nafasi ya kupiga mahafali kule Aroi. Nilijiambia nitanakili Jumamosi. Jumamosi ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita.

Jumatano Zamzam akanipigia. "Dada, arobaini ya baba iko Jumapili ya wiki ijayo. Watu wote nakuja. Mi nataka wao wasikie yeye."

"Iko tayari," nikamwambia. "Nasafisha sauti tu."

Nilisema kwa sauti tamu kabisa. Nilipokata simu nikaichomeka diski tena.

Kesho yake niliipeleka diski kwa Mwalimu Adriko, anayetengeneza kompyuta karibu na soko la Arua. Zamani alifundisha shule, na jina la ualimu limemganda. Aliiweka sikioni kama daktari.

"Umechomeka hii mara ngapi tangu ianguke?"

"Mara moja."

Akaniangalia tu.

"Sita," nikasema.

"Mama, mutu akivunjika mguu, wewe nalazimisha yeye kukimbia? Kila mara unachomeka, yeye naumia zaidi."

Alifungua ganda akakuta kile kibao kidogo cha kuunganishia waya kimepasuka. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba diski yenyewe iliumia pia: sehemu nyingine zilisomeka, nyingine hazikusomeka. Akanieleza atakachofanya. "Kwanza natoa yote ile inakubali kutoka, naweka kwa diski nzima. Halafu natafuta faili zako kwa ile nakala. Hii mgonjwa hatugusi tena."

Kazi ilikwenda siku sita. Umeme ulikatika mara mbili, lakini alikuwa ameunga mashine kwenye betri ya sola. Niliacha kula. Kila siku nilikaa kwenye benchi lake nikitazama namba kwenye kioo. Siku moja ilifika sabini na moja kwa mia ikasimama hapo tangu asubuhi mpaka saa nane, na mimi nikawa namwahidi Mungu mambo ambayo hata siyakumbuki vizuri.

Jana akafungua nakala. Familia nne, kila kitu kizima. Ya tano, utambulisho wa binti wa Omugo, siku mchumba alipoletwa kwa wazazi: faili zina majina yake, lakini hakuna hata moja inayofunguka. Ya sita ni Zamzam. Sherehe yote ipo. Mzee Rajab anaongea dakika nne, kisha picha inaganda mdomo wake ukiwa wazi.

Mwalimu alijaribu njia tatu nyingine. Mwishowe akanisogezea kiti, nikajua hakuna zaidi.

Sasa niungame lile linaloniuma kuliko kuanguka kwa diski. Jana hiyohiyo nilirudi nyumbani nikaanza kuikata ile hotuba. Kukata ndiyo kazi yangu, naweza kuufanya mwisho ambao haupo uonekane kama mwisho. Niliweka muziki, nikaweka maharusi wakitabasamu. Ilitoka nzuri. Hakuna ambaye angejua.

Nikaitazama mara mbili, nikaifuta.

Leo asubuhi nilikuwa mlangoni kwa akina Zamzam. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama: diski ilianguka, sikuwa na nakala, nilikudanganya, zimebaki dakika nne.

"Uliniambia iko tayari."

"Ndiyo."

"Mi nishaambia shangazi zangu wote."

"Najua, dada. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alinyoosha mkono, nikampa flashi. Tukaangalia kwenye kompyuta ya mumewe. Mzee anakohoa, anatafuta miwani mfukoni, anaikuta kichwani, watu wanacheka. Kisha anamwita Zamzam "Kadogo," jina ambalo sikuwa nimelisikia siku ile nikipiga. Anasema alipozaliwa alikuwa mdogo mpaka waliogopa kumshika. Halafu picha inaganda.

Zamzam aliirudisha mwanzo. Mara ya tatu alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi sikujua niweke macho wapi.

Halafu akafuta uso kwa mtandio. "Fanya nakala hapa," akasema. "Mi naona na macho yangu."

Tukafanya. Moja kwenye kompyuta yao, moja kwenye diski mpya niliyokuja nayo, moja kwenye akaunti yake ya mtandaoni, hiyo ikapanda polepole, ikamaliza mvua ikianza. Kila moja alinitaka niifungue aione ikicheza mpaka mwisho. Diski alikataa nirudi nayo Arua. "Hii itakaa kwa shangazi. Kwako hapana."

Ana haki.

Kuanzia sasa sifuti kadi kabla kazi haijakaa sehemu tatu, moja mbali na nyumba yangu, na kabla sijafungua nakala zote. Ni rahisi kuandika hivyo leo.

Kesho nakwenda Omugo. Wale sina hata dakika moja ya kuwapa. Njia nzima nitakuwa natafuta la kusema, na nadhani nitafika sijalipata. Lakini nitabisha hodi.