Mkono wa Oleta Ulivyoshuka

KITUO CHA POLISI, MJI WA CORLEY, JIMBO LA OKLAHOMA

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nadine Marie Pruitt
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa Cotter, Corley
Tarehe: Jumatatu, 16 Juni 2025, asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sajenti Ketcher amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimemwelewa.

Oleta Pruitt ni wifi yangu. Aliolewa na kaka yangu Dwight, aliyefariki miaka sita iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Oleta ana miaka sitini na minane. Anaishi peke yake kwenye shamba lao kaskazini mwa mji, na ana baridi yabisi ya vidole. Tunaonana karibu kila siku. Tukigombana ni ugomvi wa mawifi tu, kesho yake umekwisha.

Mnamo mwezi wa Februari mwaka huu Oleta alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyake vya maumivu. Alipotoka, mwanamume mmoja mwenye pikapu nyeupe alimfuata kutoka maegesho hadi karibu na geti lake. Oleta hakukata kona kuingia kwake. Aliendelea moja kwa moja hadi kituo cha zimamoto, akapiga honi mpaka watu wakatoka, na yule mtu akageuza gari. Mtu huyo hajulikani hadi leo. Wiki hiyohiyo Oleta aliniambia anataka bastola ya kuvaa mwilini, ndani ya nguo, na akaniomba nimsindikize kuichagua. Nilimwambia mimi najua sindano. Akasema aliyekuwa anajua bunduki amelala makaburini, kwa hiyo twende tu.

Tulikwenda kwa Gaylon Teague, mwenye duka la silaha nje ya mji, tukamkuta mwenyewe. Ni mtu mzima, alisoma na Dwight. Kwanza alimpa Oleta bastola ndogo inayoenea kwenye kiganja.

"Wanawake wote wanachukua hii," alisema. "Inaingia hata kwenye mkoba wa kanisani."

Oleta alijaribu kuikoki. Hakuweza. Alijaribu tena, akaibana kati ya mapaja, Gaylon akamwambia asifanye hivyo ndani ya duka lake. Oleta akairudisha juu ya kioo.

"Hii inataka mwanamke mwenye vidole," alisema. "Mimi vyangu nilivimaliza kukamua ng'ombe."

Gaylon akampa ya pili, ile ya kizamani ambayo risasi zinakaa kwenye duara na haihitaji kukokiwa. Nayo ilikuwa ndogo na nyepesi. Nyuma ya duka kuna mahali pa kujaribia, tukaenda, tukavaa vya kuziba masikio. Oleta alipiga risasi moja tu, akaiweka chini, akawa anapunga mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Gaylon alicheka. Alisema watu hudhani kubwa ndiyo inayouma, kumbe ndogo ndiyo inayouma, kwa sababu haina uzito wa kumeza teke lake.

Ya tatu ilikuwa ya kati, nene kidogo, na Gaylon alisema imetengenezwa kwa watu wenye mikono dhaifu. Oleta aliikoki mara ya kwanza. Akapiga kumi, zote zikaingia mahali ambapo ningeweza kupafunika kwa kiganja. Hapo nikasema kitu. Nilisema ni nene mno. Oleta ni mwanamke mfupi na mwembamba. Kitu kile kwenye nyonga yake kingetuna kama andazi chini ya kitambaa.

Gaylon alisema, "Ile inayojificha vizuri na huwezi kuikoki, hiyo ni jiwe, Nadine."

Oleta hakumsikiliza yeye wala mimi. Alikuwa anaipima kwa mkono. Kisha akaniambia, "Wewe si fundi? Basi ficha."

Kwa hiyo nilimrekebishia mashati manne. Niliongeza kitambaa kwenye pindo na kupanua upande wa kulia. Alivaa bastola nyonga ya kulia, ndani ya ala ya plastiki ngumu iliyobana kwenye mkanda. Gaylon alimfundisha siku mbili bila malipo, kwa ajili ya Dwight, na siku ya pili nilikuwapo. Nilimsikia akimwambia kwamba shati likipanda asishtuke wala asigeukegeuke. Ashushe mkono, alivute shati chini, aendelee na shughuli zake. Alimfanyisha hivyo mbele ya kioo mara nyingi mpaka Oleta akasema sasa ataota ndoto ya kuvuta shati.

Katika jimbo letu si kosa bastola kuonekana. Sajenti anajua hilo kuliko mimi. Ila Oleta hakutaka watu waijue. Alisema akiivaa kanisani na watu wakaiona, watamwonea huruma, naye hapendi kuonewa huruma.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni tulikwenda pamoja duka la vyakula lililopo Barabara ya Pili. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Oleta alikuwa ameanza kusindika bamia kwa siki na vifuniko vya mitungi ya kioo vilikuwa vimemwishia. Ndani ya gari niliona amevaa fulana ya timu ya mjukuu wake, ambayo sikuirekebisha. Nilimwambia. Akasema joto ni kali na tunafuata vifuniko tu.

Duka hilo liliibiwa mwezi wa Mei, nadhani kituo kina habari hiyo. Mwizi alimpiga keshia kwa kitako cha bastola, akamvunja taya. Keshia huyo ni Kaylin Kessinger. Amerudi kazini wiki iliyopita, na mume wake, Jarrod, amekuwa akija naye na kukaa karibu na majokofu mpaka amalize zamu. Mji mzima unajua hivyo. Namjua Jarrod kwa sura na kwa suruali. Nilimkatia suruali za harusi. Siku hiyo sikumwona tulipoingia. Kaylin nilimwona, nikamsalimu, akajibu kwa kichwa kwa sababu bado hafungui mdomo vizuri.

Vifuniko vipo rafu ya juu kabisa, njia ya mwisho kati ya rafu. Mimi nilikuwa kushoto kwa Oleta, kama hatua mbili, nimeshika toroli. Nilimwambia angoje nimwite mtu mrefu. Hakungoja. Alisimama kwa vidole vya miguu, mkono wa kushoto ameshika rafu, wa kulia amenyoosha juu. Fulana ikapanda. Bastola ikaonekana yote, na ala yake. Alikuwa amewapa mgongo watu wote. Ana nywele fupi na alivaa kofia ya Dwight na suruali. Kwa nyuma, usingejua ni mwanamke wala ana umri gani.

Nilisikia mtu nyuma yetu akisema kwa nguvu, "Acha hapo."

Oleta hakugeuka. Alikuwa ameshapata boksi la vifuniko. Aliliachia na mkono wake wa kulia ukashuka, upande wa nyonga. Ndipo risasi ikalia.

Ilikuwa moja. Nilidhani rafu imeanguka, kwa kuwa mitungi ilivunjika na vifuniko vilimwagika vikabiringika hadi chini ya majokofu. Oleta alikaa sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Mkono wa kulia ulikuwa umepigwa juu kidogo ya kiwiko. Niligeuka nikamwona Jarrod Kessinger mwisho wa njia, bastola yake mikononi, na naye akaona kofia imedondoka na uso wa Oleta.

Sitaeleza uso wa Jarrod ulivyokuwa.

Aliweka bastola yake juu ya rafu, kati ya makopo, akaja mbio. Alivua mkanda wake akaufunga juu ya jeraha, akakaza vizuri, sijui alijifunza wapi. Alikuwa anasema, "Bibi, nitazame. Nitazame mimi." Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Oleta. Nilimwambia Jarrod amwachie, kwa maneno ambayo sitaki yaandikwe. Hakumwachia. Kama angemwachia, daktari ameniambia, Oleta asingefika hospitali.

Oleta alimwambia, "Nilikuwa navuta fulana."

Jarrod alisema, "Niliona mkono."

Kaylin alikuwa amesimama mwanzo wa njia. Hakulia wala hakuja karibu. Polisi walipoingia, Jarrod aliinua mikono yake, ikiwa na damu, na mimi nikachukua mkanda kwa mkono wangu nikaendelea kuukaza kama alivyokuwa anakaza yeye.

Nimeulizwa na Sajenti kama Oleta aligusa bastola. Sikuona akiigusa. Polisi ndio walioitoa, ikiwa ndani ya ala. Nimeulizwa kama aliambiwa asimame. Aliambiwa "Acha hapo", kama nilivyosema. Nimeulizwa muda uliopita kati ya maneno hayo na risasi. Ulikuwa mfupi. Huwezi kumaliza kuvuta pumzi.

Napenda kueleza jambo moja lingine kwa kuwa Sajenti ataambiwa na watu wengine.

Jana, Jumapili, mtoto wa Oleta, Royce, alikuja hospitali kutoka Tulsa. Mimi ni shangazi yake. Alinitoa nje kwenye korido. Alisema ameongea na mwanasheria, na kwamba kesi itategemea mikono. Alisema, "Shangazi, mikono ilikuwa juu. Sema ilikuwa juu, basi, yule kijana anakwenda jela na mama anapata haki yake."

Nilimwambia wa kulia haukuwa juu.

Akasema, "Alikuwa anavuta nguo! Wewe mwenyewe unajua."

Nilimwambia najua. Akaniuliza niko upande gani. Nilikasirika, nikamwambia nilikuwa upande wa kushoto, hatua mbili, na yeye alikuwa Tulsa. Haikuwa jibu zuri kwa mtoto ambaye mama yake amepigwa risasi, na alilia, nami nikamshika.

Mlango ulikuwa wazi. Tuliporudi ndani Oleta alikuwa macho. Mishipa ya mkono imekatika, na vidole viwili vya mwisho havifungi. Daktari anasema huenda vikafunga, huenda visifunge. Mkono huo ndio aliokuwa anautumia kwa kila kitu. Asubuhi nilikuwa nimemfunga vifungo vya gauni la hospitali na hakuniambia asante, alitazama dirishani.

Alisema, "Royce, shangazi yako atasema alichokiona. Mimi nitasema nilichokifanya. Na yule kijana naye aseme alichokiogopa. Usimbebeshe mtu mzigo wa mwenzake."

Royce akasema hayo si maneno ya mtu aliyeonewa.

Oleta akamjibu, "Nimeonewa. Lakini sijawa mjinga."

Kisha akaomba maji.

Nasema haya si kwa kumsaidia Jarrod Kessinger. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Alimpiga mtu kwa nyuma kabla ya kumwona uso. Bastola ya kujilinda mtu anaichagua kwa siku nyingi: uzito, unene, ala, nguo gani itaifunika. Nilikuwapo Oleta akichagua na najua alivyochukua muda. Sijui Jarrod alichukua muda gani. Gaylon ameniambia ndiye aliyemuuzia Jarrod pia, wiki moja baada ya Kaylin kuvunjwa taya, na kwamba Jarrod hakuuliza swali lolote ila kama inapatikana leo. Hayo nimeambiwa, sikuyaona, na Sajenti amesema atamwuliza Gaylon mwenyewe.

Nimeulizwa kama Jarrod alikuwa na sababu ya kuogopa. Nimemwambia Sajenti hilo wataamua wanaolipwa kuamua. Mimi naweza kusema tu kwamba Kaylin alikuwa kwenye kaunta, kati ya njia tuliyokuwapo na mlango.

Nimeulizwa kwa mara ya mwisho Oleta alikuwa anafanya nini aliposhusha mkono. Najua alikuwa anavuta fulana. Najua kwa sababu namjua tangu akiwa msichana, na kwa sababu nilimwona akifundishwa. Lakini hayo nayajua kwa kuwa ni wifi yangu. Nilichokiona kwa macho ni mkono kushuka. Kwa mtu asiyemjua, hakukuwa na kitu kingine cha kuona.

Niliyoyaona nimeyasema kuwa nimeyaona, na ninayoyajua nimeyasema kuwa nayajua. Sina la kuongeza wala la kupunguza katika maelezo yangu haya.

Sahihi ya shahidi: Nadine M. Pruitt

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, kisha akasoma mwenyewe. Aliomba sahihisho moja. Mahali nilipoandika "mkono ukaenda kwenye bastola" alisema sivyo alivyosema, nami nimefuta na kuandika "mkono wake wa kulia ukashuka". Nilimuuliza kama anataka niongeze hapo maneno "ili kuvuta fulana". Alisoma tena mstari huo, ameshika kalamu. Akasema hapana. Amesaini kando ya sahihisho.

Sajenti Lyle Ketcher, Corley