Kumbukumbu za Kikao cha Wazazi Kuhusu Njia Aliyoichora Kamanthe

Tarehe: Ijumaa, 14 Juni 2024, saa nane mchana
Mahali: Darasa la Gredi ya Tano, Kola

Waliohudhuria: Bw. Ndolo (Mwenyekiti), Bi. Peris (Katibu), Mwl. Wavinya, Bw. Musili (mjumbe), Bi. Katunge (mzazi, mwalikwa)
Aliyekosa kwa udhuru: Bw. Mulwa

KUMB. NA. 1/06/2024: ROBOTI
Mwl. Wavinya alieleza kwamba roboti ndogo ya darasa hufuata mstari mweusi uliochorwa kwenye karatasi. Aliwaambia wanafunzi waichoree njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Mstari wa Kamanthe ulizunguka sokoni, ukavuka mto mara mbili. Wenzake walicheka. Alipoulizwa mbona asipite njia ya mkato, alijibu, "Ikipita hapo itaanguka kwa shimo kama Mbithe."

Mbithe, dadake, alikufa maji mwezi wa Aprili katika shimo la kuchimbia mchanga lililojaa maji ya mvua kwenye shamba la Bw. Musili. Mwl. Wavinya alikiri kwamba tangu wakati huo amekuwa akimwadhibu Kamanthe kwa kuchelewa. Alimwomba radhi mama yake, Bi. Katunge.

KUMB. NA. 2/06/2024: SHIMO
Bw. Musili alilalamika kwamba aliitwa kwa mambo ya roboti, si ya shamba lake. Alisema, "Mimi sikuita mtoto wa mtu kwa shamba yangu." Alipendekeza roboti ifungiwe ofisini. Mwenyekiti alimuuliza atafukia shimo lini. Alijibu, mvua ikiisha. Mwl. Wavinya alisema mvua iliisha mwezi uliopita. Bw. Musili alichukua kofia akatoka.

Mwl. Wavinya alipendekeza wazazi walifukie wenyewe. Mwenyekiti alitahadharisha kwamba mtu haingii shamba la mwenzake bila ruhusa. Hakuna azimio lililopitishwa, ila Kamanthe asiadhibiwe tena.

KUMB. NA. 3/06/2024: MENGINEYO
Bi. Katunge alisema kumbukumbu za Aprili zinasema "mtoto mmoja alipata ajali." Aliuliza, "Katibu, kwani wewe hukuwa unajua jina yake?"

Katibu alikiri kwamba alilijua, na kwamba aliogopa kuliandika Bw. Musili akiwa ameketi hapo. Mwenyekiti aliagiza jina liandikwe.

Limeandikwa: Mbithe binti Katunge, miaka kumi na miwili.

Hakuna aliyejitolea kuongoza maombi. Watu walitawanyika saa tisa na nusu.

Mwenyekiti: Ndolo (sahihi)
Katibu: Peris (sahihi)