Jina langu kwenye msalaba wa yaya

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, matope mekundu yamefika mlangoni.

Wasiojua wajue: mji huu wa Kolwezi unasoma kwa mkono wangu. Saluni, maduka ya dawa, makanisa, mpaka baa za Musonoi kule kando ya mashimo ya migodi, vibao vyao nimechora mimi, Mwepu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini herufi zinanijua. Kuna kibao kimoja nilichora Lubudi, karibu na reli. Dereva wa treni alisimamisha mabehewa yote ili ashuke akisome vizuri. Mwenye kubisha aende akaulize.

Leo sina nguvu ya kuendeleza hiyo habari.

Alhamisi tulimzika yaya Adolphine, dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufa. Msalaba nilisema nitauchora mwenyewe. Nani mwingine? Nilifanya kazi siku nzima pale pale kwenye kilio, watu wakinitazama. Jina lake nililiandika kwa herufi za kujikunja, kila mkia una ua, kila ua lina kivuli, rangi ya dhahabu juu ya nyeupe. Sikupiga mstari wa penseli, sikupima. Miaka yote jicho langu ndilo rula. Nilianza kwa ukubwa, nikafika katikati ubao unaisha, zilizobaki nikazibana kama magunia ya makaa kwenye baiskeli. Tarehe nazo nikazifanya kubwa sawa na jina, pasibaki mahali patupu. Patupu kwangu ni ubao uliotupwa.

Chini, kama kawaida yangu, nikasaini: MWEPU. Herufi nyeusi, nene, zilizonyooka, maana saini naiandika hata nikisinzia.

Katekista wetu alikuwa mgonjwa. Walituletea mwingine asiyetujua, na siku hiyo alikuwa na maziko matatu. Alipofika pa kutaja jina aliinamia msalaba, akakunja macho, akainama tena. Kisha akasema, "Tumuombee ndugu yetu Mwepu, aliyetutangulia."

Wote waligeuka kunitazama.

Shangazi yetu akasema, wala hakushusha sauti: "Tata katekista, Mwepu ni ule mwenye kofia. Jana alikula bukari sahani mbili."

Watu walicheka. Kaburini kwa yaya, watu walicheka.

Odile hakucheka. Ni binti wa marehemu, anachapisha mabango kwa kompyuta pale sokoni, na mi mjomba wake nimekuwa nikimwambia kila siku kwamba kazi ya mashine haina roho. Jana alikuja kwangu amebeba ule msalaba begani, ameung'oa.

"Tonton, jina ya mama iko wapi?"

"Iko pale juu, inang'aa."

"Mi siioni. Mi naona jina yako tu."

Niliupokea msalaba, nikauegemeza ukutani.

Mama yetu, bibi yake Odile, alifika Jumatano kutoka Sandoa. Siku ya maziko miguu ilimkatalia. Kesho atapelekwa makaburini kwa gari, Jumatatu anarudi kwao, na kwa umri wake hataiona Kolwezi tena, sote tunajua. Kusoma alifundishwa ukubwani, kanisani, herufi moja moja, zile zilizosimama wima tu. Anataka kusoma jina la mtoto wake. Hajaomba kingine.

Basi leo nimekaa kwenye kiti, mi Mwepu, nafundishwa na mtoto niliyemfundisha kutembea. Kwanza penseli na rula. Jina peke yake liwe kubwa, maana ndilo watu wanalotafuta. Tarehe ndogo, chini yake. Nyeusi juu ya nyeupe. Herufi bila maua, kila moja na nafasi yake.

"Acha pembeni pakuwe wazi, tonton. Jicho inaomba fasi ya kupumuzika."

Mkono ulikuwa unataka kutia mikia. Mara mbili alinishika kiwiko.

Kwa mvua hii rangi ilikataa kukauka, tukausimamisha msalaba ndani, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mama akavuta kiti. Akanyoosha kidole bila kugusa rangi mbichi, akafuata herufi moja, halafu nyingine. Ilimchukua muda mrefu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti.

"Ni mutoto yangu," akasema. Kisha akakaa tu, kidole bado kiko juu.

Safari hii hakuna saini. Odile hakunikataza, brashi niliiosha mwenyewe.

Kuna jambo sijamwambia mtu, naliacha hapa. Pale makaburini, katekista alipolitaja jina langu, kabla aibu haijanifikia, nilifurahi. Nilifikiri: limesomeka vizuri.