Kidole cha Mwisho cha Msichana wa Marumaru

Athens, 11 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kikohozi kimepungua sasa baridi inapoondoka. Mimi sijambo, ila miguu. Jana nimepanda Akropoli mara mbili na kundi la wastaafu waliovaa viatu vya harusini, na mmoja akaniuliza kwa nini hatukumalizia paa. Nikamwambia fundi bado anatafutwa. Ungekuwa na masikio ningekupigia simu ucheke, lakini nyundo ya kuchongea mawe imeyala masikio yako, basi tutaandikiana hivi hivi.

Nina habari. Kile kijumba cha makumbusho kilichoko mtaa wa Plaka, ulikofanya kazi ukiwa kijana, kinafunguliwa upya mwezi Mei. Wageni wakubwa wanakuja, na mkurugenzi amenichagua mimi niwatembeze! Nitamalizia pale ninapomalizia siku zote, kwenye jiwe la kaburi la msichana anayemnyoshea njiwa mkono. Miaka kumi na mmoja nawaonyesha watu mkono ule, na kile kidole cha mwisho kilichopinda kwa ndani, na kila mara koo hunikaba. Sijui kwa nini. Mama mmoja wa Kidenishi aliwahi kulia.

Kabla ya kufungua, wataalamu watayapitia mawe yote kwa taa maalumu. Leo ni Jumatatu Safi, mfungo umeanza, watoto wa jirani wanarusha tiara, nami nimekula mkate wa Kwaresima na zeituni peke yangu, nikikukumbuka. Niandikie.

Mwanao,
Argyro

Tinos, 20 Machi 2019

Argyro mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kipo, hakina haraka ya kuhama. Mbuzi wa jirani wamemaliza kabichi zangu.

Hongera kwa kuchaguliwa. Lakini nisikilize. Usimalizie kwa jiwe lile. Malizia kwa jingine, yako mengi. Na mkono usiuzungumzie kabisa. Usiniulize sababu.

Hiyo taa ni ya namna gani? Inatafuta nini? Nijibu upesi.

Baba yako

Athens, 28 Machi 2019

Baba,

Shikamoo. Nakuombea afya njema, ingawa barua yako imeniharibia yangu. "Usiniulize sababu"! Nina miaka thelathini na tisa, si mtoto wa kukatazwa kugusa jiko.

Taa yenyewe ni ya zambarau. Ikimulika marumaru ya kale, inang'aa rangi ya asali. Ikimulika iliyochongwa juzijuzi, inatoka zambarau. Wewe umewafundisha nusu ya vijana wa kisiwa kuchonga, na uliwapiga makofi ya kisogoni waliosahau kuandika tarehe upande uliofichika wa kipande cha kiraka. "Kipande kipya kisicho na tarehe ni uongo." Maneno hayo nimekua nikiyasikia kuliko sala. Sasa taa inakutishia nini? Maana umeogopa, Baba. 

Mwanao,
Argyro

Athens, 13 Aprili 2019

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Wiki mbili sijapata jibu, na nilimpigia Katina wa dukani akasema uko mzima, unapita kununua mkate, huongei na mtu.

Taa wameiwasha Jumatano. Nilikuwepo. Msichana aling'aa asali tupu, uso, nywele, hata njiwa. Mkono, kuanzia kwenye kifundo, ukatoka zambarau. 

Mkurugenzi anasema mkono wa kweli uliibwa ukauzwa, na huu bandia ukabandikwa. Na miaka yote hiyo funguo zilikuwa kwa mlinzi mmoja tu, Mzee Sarantos. Ana miaka themanini sasa. Walimwita, akaja amevaa suti yake ya mazishi. Wakamuuliza ni nani aliwahi kuachwa peke yake kwenye karakana ya makumbusho. Akasema hakumbuki. Huko nje akaniambia, "Binti, miaka thelathini na tano nimeyalinda mawe yale, sijatoka hata na kokoto." Kisha akageukia ukuta ili nisimwone akilia.

Tarehe 6 Mei anapelekwa mbele ya mpelelezi. Baba, nieleze.

Mwanao,
Argyro

Tinos, 19 Aprili 2019

Mwanangu,

Salamu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka arobaini.

Ilikuwa Alhamisi Kuu ya mwaka 1979. Mafundi wote walishakwenda makwao kula Pasaka. Mimi nilibaki kwa sababu mama yako alikuwa na mimba yako na bahari ilikuwa imechafuka. Amri ilikuwa jiwe halishushwi na mtu mmoja. Nikalishusha peke yangu, ili wakirudi wanione hodari. Fundo la kamba nililifunga mimi, likateleza. Mkono uligonga kigari ukakatika vipande vinne. Kuviunganisha kungeacha nyufa, na ningefukuzwa kazi kabla hujazaliwa.

Nikachonga mwingine. Siku tatu. Jumamosi mama yako aliniletea mayai mekundu, na Sarantos akamruhusu aingie kinyume cha amri, akampa na kiti chake mwenyewe. Marulia mama yako akakaa amenyosha mkono, mimi nikachonga. Kidole kilichopinda ni chake, kilibanwa na mlango utotoni. Cha msichana wa kale kilikuwa kimenyooka.

Tarehe sikuiandika.

Ulikuwa na miaka minne mama yako alipotutoka. Uliponiandikia mara ya kwanza kuhusu mkono ule nilitaka kukwambia, nikaona bora nikuache ufurahi.

Sasa ichome barua hii. Hawatamfunga mtu wa miaka themanini. Maneno yatapoa. Hapa kijijini hakuna mlango usio na marumaru yangu juu yake, na nikipita wananivulia kofia. Usininyang'anye hilo, Argyro. Sina kingine.

Baba yako

Athens, 24 Aprili 2019

Baba,

Leo salamu hazitoki.

Sikuichoma. Niliikunja nikaiweka kifuani, nikaenda Plaka kusimama mbele ya mkono wa mama yangu. Picha yake ninayo moja tu, na humo mikono haionekani, imefichwa na mimi niliyebebwa. Kumbe miaka kumi na mmoja nimekuwa nikimwonyesha mama yangu kwa wageni wenye tikiti! Mdenishi amemlilia. Mimi peke yangu ndiye sikuambiwa. Sijui nikushukuru au nikurushie jiwe.

Kisha nikaenda kwa Mzee Sarantos. Nikamuuliza kuhusu Pasaka ile. Akasema, "Alikuja mama mjamzito na mayai mekundu. Alinipa mawili. Marehemu simtaji mbele ya polisi, binti, hata wakinining'iniza." Anakumbuka kila kitu! Amenyamaza kwa ajili ya mayai mawili, na wewe umenyamaza kwa ajili ya kofia.

Ninakupenda, na nimekasirika mpaka mkono unauma nikiandika. Tarehe 6 iko mlangoni. Usipokuja nitasema mimi, lakini neno la binti bila ushahidi ni hewa. Vile vipande vinne viko wapi?

Argyro

Tinos, 1 Mei 2019

Argyro binti yangu,

Kristo amefufuka. Natumai hujambo, na kwamba ulikula hata yai moja siku ya Pasaka.

Vipande vilikuwa kwa mama yako. Tulipomfukua baada ya miaka mitano, kama tunavyofukua wafu wetu wote, niliiosha mifupa yake kwa divai, nikaipanga sandukuni, na vile vipande nikavifunga kitambaa nikaviweka penye kiganja chake. Sikuona pengine pa kuvificha pasiponiaibisha.

Jana nilimwendea Padri Nikiforos, maana sanduku la mifupa halifunguliwi bila padri. Makaburini palikuwa na wanawake wanaowasha taa za marehemu wao. Akaniuliza mbele yao, "Iakovo, unamtafutia nini Marulia?" Ningeweza kumnong'oneza. Nikalisema lote, na sauti ya kiziwi unaijua. Nadhani hata mbuzi wa jirani walisikia.

Leo nimekwenda kununua mkate. Hakuna aliyevua kofia. Mmoja wa vijana niliowafundisha alikuwa anaangalia viatu vyake. Inauma, Argyro. Sikudhani ingeuma kiasi hiki. Lakini nimelala usingizi wa mchana bila kushtuka, na hilo halijanitokea tangu sijui lini.

Barua hii nampa nahodha wa meli ya leo ili ikuwahi. Mimi nafika bandari ya Rafina Jumamosi, na begi moja na kitambaa. Ngazi za meli siziwezi sana siku hizi. Ningependa unishike mkono. Kama hutaki, nitashika bomba la ngazi.

Baba yako

Athens, 3 Juni 2019

Baba yangu mpendwa,

Kweli amefufuka, na shikamoo. Natumai ulifika salama na kwamba mbuzi wamekuachia japo mashina ya kabichi. Mimi mzima, na miguu imezoea.

Tangu uondoke mengi yametulia. Yule mpelelezi uliyemweleza yote ameandika kwamba kosa lako limepitwa na muda kisheria. Vile vipande vinne vimeingia kwenye kifundo bila kuacha nafasi ya kupitisha uzi, na kidole kimenyooka kama ulivyosema. Mzee Sarantos ameandikiwa barua ya kuombwa radhi, ameitundika juu ya televisheni. Anasema Pasaka ijayo anataka mayai mekundu mawili, na wewe mwenyewe ndiye wa kuyaleta.

Wageni wakubwa walitembezwa na mtu mwingine. Mkurugenzi aliniambia kwa upole kwamba jina letu lingeleta maswali. Sikubishana naye, nikaenda chooni nikalia. Kesho yake nikakata tikiti kama mgeni, nikaenda kumtazama msichana na mkono wake halisi. Ni mzuri. Koo halikunikaba.

Ule mwingine haumo kwenye daftari lao. Mkurugenzi alisema kitu kisicho na namba si chao, akanikabidhi umefungwa gazeti. Uko hapa mezani. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kidole kile.

Nitakuja nao Agosti. Noa ile tindo yako ndogo. Nimeugeuza nikatazama upande wa ndani, pale ulipobandikwa, na kweli hapana kitu. Andika tarehe, Baba. Andika na jina lake. Kisha mwambie Padri Nikiforos asilifunge sanduku la Mama, mahali pa kitambaa bado pako wazi.

Mwanao,
Argyro