Nimemfanya Mwanangu Shahidi, na Kipande cha Wavu Bado Kiko Bustanini

Dada Mshauri, pokea salamu kutoka Muhuru Bay, na kabla sijalia ujue unaandikiwa na mama yake Willis, yule aliyeimba besi kwaya ya vijana mpaka mabati ya kanisa yakatetemeka, na mtihani wa KCSE akapata C akisoma kwa koroboi, wa kwanza katika boma letu, mimi niliishia darasa la tano lakini huyo nilimzaa na akili yake.

Mwaka jana alienda semina ya kiroho Homa Bay akarudi ameungama, akaniambia, "Mama, nimefunguliwa," nikamuuliza nani alikufunga, ndipo akasema wavu aliokuwa akivulia aliuiba ziwani, ni wa Walter, mvuvi wa kisiwa cha Remba, na kile kipande alichonizungushia sukuma wiki ni cha wavu huohuo, akasema, "Kifungue na hicho nikirudishe," nikamjibu, "Na kuku wa jirani Phelesia wakimaliza mboga utakula wokovu? Peleka huo mkubwa, unatosha," akacheka, akasema, "Haya Mama, kitakungoja," akaenda.

Aliposhuka Remba na wavu begani watu waliutambua, wakapiga kelele za mwizi kabla Walter hajafika, na nyathina, mwanangu, akarudishwa kwangu amefungwa blanketi.

Matangani Lynnet wa jumuiya yetu akauliza kwa sauti, "Kijana wa kanisa afe kwa wizi?" Moyo ukanichemka, nikasimama nikasema waliomuua walimtaka amkane Yesu akakataa, watu wakaanza kuimba. Walter alikuwapo, akaninong'oneza, "Mama, najua alikuwa ananirudishia," nikamwambia anyamaze.

Sasa jumuiya inataka kuitwa jina lake, na tarehe tatu Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, picha yake itawekwa karibu na altare, nimeshashonewa nguo, padre ameniomba nisimulie, na kusema kweli nasimulia vizuri, watu hulia. Lakini komunyo siwezi kupokea, zamu yangu ikikaribia najifanya nakohoa natoka nje. Nikisema ukweli watamwita mwizi hata kaburini. Nifanye nini?

Mama wa Shahidi, Muhuru Bay

*

Mama Willis, pole. Pole ya kweli, maana umezika mtoto. Sasa keti nikugombeze.

Umemtungia mwanao kifo kizuri kuliko chake, kumbe chake ndicho kizuri. Huyo Willis wako wa matangani hajawahi kuiba hata kiberiti. Yesu angemsamehe nini? Willis uliyemzaa aliiba, akaungama, akasamehewa, kisha akabeba wavu mchana kweupe mbele ya watu wanaoujua. Unajua ujasiri huo? Ukiufuta wizi wake, umemfuta na aliyemfungua. Kama ataitwa shahidi, hilo ni la Kanisa kuamua, si langu, wala la fundi aliyekushonea nguo.

Na tusidanganyane: kinachokukohoza si dhambi ya Willis. Yake ilikwisha. Wewe ndiye uliyeambiwa, "Kifungue," ukachagua sukuma.

Nenda kwa padre wiki hii, usingoje Juni. Ungama uongo, ungama na kipande. Mwombe Walter asimame karibu nawe siku ile aseme alilokuambia sikioni, nawe usimulie yote, wizi na msamaha, maana kusimulia unajua, umejisifu mwenyewe. Lynnet akikusuta, mwache. Alikusuta hata kabla hujadanganya. Nguo ivae, imeshashonwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ukimaliza kusoma hapa, toka nje ukafungue kipande hicho, ukioshe, ukikunje, umpelekee Walter kwa mikono yako. Mwanao alisema kitakungoja, na kimengoja vya kutosha. Kuku wa Phelesia waache wale.